Gongo Katika Ndoo ya Togwa

Watu wanaoniona kanisani wanadhani mimi ni mpole. Waendelee tu kudhani. Haya ninayoandika nimeyabeba tangu nikiwa na miaka kumi na mbili, na si kwamba sijui kusamehe. Nimesamehe wengi, hata mchumba aliyeniacha wiki mbili kabla ya ndoa. Yupo mtu mmoja tu niliyemwekea kinyongo kwa makusudi, nikakitunza, nikakimwagilia kama mama alivyomwagilia mchicha wake nyuma ya jiko, mpaka siku kilipokomaa nikakivuna. Jina lake silitaji. Watu wa Buhongwa wa miaka ile wanamjua.

Tulimwita mwenye majaruba. Zamani alikuwa karani wa kupima pamba za wakulima. Ushirika ulipoanza kuyumba, wenzake walirudi nyumbani na barua za kuachishwa kazi. Yeye alirudi na mizani. Muda mfupi baadaye alikuwa na duka, halafu lori, halafu akanunua bonde lote la chini na kulikata majaruba ya mpunga, matuta kwa matuta, mpaka ukisimama barabara ya Shinyanga ulikuwa unaona maji yake yanang'aa. Miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa. Mitumba ruksa, video ruksa, sabuni za nje ruksa. Baba yangu, aliyepunguzwa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, alikwenda Geita kutafuta dhahabu. Barua zake zilikuja tatu, kisha zikakoma. Tukabaki mama, kaka yangu na mimi, na dagaa ambao mama alikuwa akiwafuata mwaloni, kwenye soko la samaki kando ya ziwa, alfajiri na kuwauza gulioni.

Kaka alikuwa na miaka kumi na sita, darasa la saba, maana alichunga ng'ombe wa babu kwanza ndipo akapelekwa shule. Alikuwa manju wa kundi letu la kulima. Kwa asiyejua, manju ndiye anayetunga na kuongoza nyimbo. Kwetu watu hawalimi kimya. Vijana wanakusanyika na majembe, ngoma inapigwa, manju anaanza, wengine wanaitikia, na majembe yanapanda na kushuka pamoja. Mtu anayetaka shamba lake lilimwe analialika kundi, na siku ya kazi analilisha. Mshahara wetu sisi watoto ulikuwa ugali, nyama ya mbuzi na togwa. Togwa ni uji wa mtama uliotiwa kimea, mtamu, hata mtoto wa kunyonya anapewa. Pombe ilikuwa ya watu wazima, nayo waliinywa jioni, wamekaa, kwa heshima zao.

Sharti niliseme mapema jambo moja la kundi letu, kwa sababu mkasa wote unasimama juu yake. Manju alikuwa na ruhusa ya kumwimba mtu yeyote. Mchoyo, mwizi wa kuku, mwenyekiti, hata mwenye shamba anayetulisha. Aliyeimbwa haruhusiwi kukasirika. Alichoweza kufanya ni kutoa tuzo: akileta kitu mbele za watu, manju akakipokea kwa mikono miwili, basi wimbo umekufa. Hauimbwi tena na kundi lolote, wala yaliyomo hayasemwi tena. Manju akikataa tuzo, wimbo unabaki hai na kila mtu ana haki ya kuuimba, hata watoto wa chekechea. Sikumbuki manju aliyewahi kukataa. Watu walikuwa na njaa.

Siku ile ya ndoo tulikuwa watoto kumi na wanane, na mimi nilikuwa mdogo kuliko wote. Mwenye majaruba alitaka matuta ya bondeni yageuzwe kabla ya mvua. Tulianza asubuhi, na kufikia saa sita mikono ilikuwa imevimba. Akaja mwenyewe na ndoo ya plastiki ya buluu, akaiweka kwenye kivuli cha lori lake, akachukua kata ya kibuyu na kukoroga taratibu.

"Kunyweni, wanangu," alisema. "Leo togwa imekolea."

Nilipoonja, ulimi uliungua. Nilidhani kimea kimezidi. Kumbe alikuwa amemimina gongo humo ndani, ile pombe ya moshi iliyokuwa ikipikwa kwa siri kwenye mawe ya mlimani, ile ambayo mtu akiiwasha kiberiti inatoa moto wa buluu. Mkono wake ndio uliokuwa ukichota, mmoja baada ya mwingine, na kila mtoto alipokea kwa kupiga goti. Tulipiga magoti! Mama alinifundisha kupokea hivyo kwa mtu mzima, na mimi nikapokea hivyo.

Nitasema kweli hata kama hainipendezi. Ilikuwa raha. Uchovu uliondoka kana kwamba umevuliwa na mtu, miguu ikawa laini, na jua lile kali likaacha kuuma. Kaka alichukua kata ya pili, halafu ya tatu, akaanza kuimba kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, pana, ya kulijaza bonde lote, na sisi tulilima matuta ya siku mbili katika nusu siku. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye tope. Mwenye majaruba alisimama juu ya tuta mikono kiunoni, akatutazama kwa furaha kabisa. Mbuzi hakuchinjwa siku ile. Hakuna aliyeuliza.

Mama alitunusa tulipofika mlangoni. Kesho yake alikwenda kwa yule bwana na kanga yake ya kutokea, mimi nikamfuata nyuma. Alimwambia kwa adabu zote kwamba watoto wale ni wadogo. Yule bwana hakukana hata kidogo.

"Mama, kazi ile nzito," alisema. "Nimewapa nguvu tu. Mbona wao walifurahi?"

Kisha akaingia dukani, akatoka na mchele umejaa karai, akampa. Nyumbani kulikuwa na unga wa muhogo wa siku moja. Mama akapokea, na jioni tukala wali, na mpaka leo siwezi kumlaumu mama yangu, ila wali ule naukumbuka vibaya.

Baada ya hapo hakuficha tena. Dumu la njano lilikuja bondeni wazi wazi, bila togwa, bila mbuzi, na vijana wakawa wanaulizana kabla ya kushika jembe kama dumu lipo. Mashamba mengine yaliyotoa nyama na togwa yalianza kukosa walimaji. Mimi niliacha, si kwa maadili. Tumbo langu lilikataa, kila nikinywa natapika mpaka nyongo. Ningekuwa na tumbo la kaka yangu, nisingekuwa ninaandika.

Yeye alichaguliwa kwenda sekondari. Katika darasa lao walichaguliwa watatu tu, na mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja wakidhani baba amerudi. Shule ilikuwa mjini, Nyamagana, naye alikuwa akitoka nyumbani giza halijaisha. Siku za wiki alikuwa mwanafunzi. Jumamosi alikuwa manju, na mwenye majaruba alikuwa akimtuma mtu kumwita kwa sababu bila sauti yake kundi lilikuwa halilimi. Kufikia kidato cha pili, Jumamosi ilikuwa imesogea hadi Jumatatu.

Shuleni ndiye aliyekuwa akianzisha wimbo wa taifa mstarini. Asubuhi moja, bendera ikiwa inapanda, alianzisha wimbo wa kulima, tena ule wa matusi kidogo tunaoimba jua likiwa kali. Wanafunzi walicheka. Akaimba ubeti mzima, akayumba, akaanguka chini ya mlingoti mbele ya walimu wote. Walimpa barua ya kufukuzwa siku hiyo hiyo. Mama alikwenda kuomba, akapiga magoti kwenye sakafu ya ofisi, wakamwambia mwanao ni mlevi, mama, ataharibu wengine. Hakuna aliyemuuliza amejifunzia wapi. Alikuwa na miaka kumi na minane.

Wimbo wangu niliutunga mwaka uliofuata, mchana wa jua la utosi, nilipotumwa kumtafuta kaka na kumkuta bondeni. Mpunga ulikuwa umefika kiunoni, umesimama vizuri, kijani kibichi. Yeye alikuwa amelala kati ya matuta, shavu kwenye tope, matapishi yamekauka kwenye shati lake la shule, ambalo bado alikuwa analivaa ingawa shule ilishamkataa. Nilimvuta kwa makwapa. Alikuwa mzito na mimi nilikuwa nalia kwa hasira, si kwa huzuni, naomba nieleweke. Ilikuwa hasira tupu. Maneno yalikuja yenyewe kila nilipomvuta hatua moja. Kwetu tuliyaimba kwa Kisukuma. Kwa Kiswahili ni hivi:

*Uliita majembe, tukaja na majembe,*
*mwenye majaruba, ndani ya ndoo umeweka nini?*
*Mpunga wako umesimama wima,*
*manju wetu hasimami tena,*
*mwenye majaruba, ndani ya ndoo umeweka nini?*

Ubeti wa pili ulikuwa wa kaka. Ulisema jinsi alivyolala, shati, matapishi, kila kitu. Niliuweka kwa sababu bila huo, ubeti wa kwanza ungekuwa kelele tu. Sikumuuliza kama anakubali.

Niliutunza moyoni mwaka mzima. Nafasi ilikuja yule bwana alipotaka udiwani. Vyama vingi vilikuwa bado kitu kipya, na kila mgombea alitaka ngoma. Yeye aliita kundi letu, kundi lake mwenyewe kama alivyozoea kutuita, lije limwimbie kwenye mkutano uwanja wa gulio. Kaka alifika lakini hakuwa na uwezo wa kuongoza. Mikono ilikuwa inatetemeka mpaka jembe linaanguka. Nikasema nitaongoza mimi. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na msichana kuongoza halikuwa jambo la kawaida, lakini wenzangu walijua sauti yangu na ya kaka ni moja.

Nilianza na nyimbo mbili za kumsifu. Nilimsifu sana, mpaka mama, aliyekuwa nyuma na beseni la dagaa, akanitazama kwa mshangao. Wa tatu ndio ulikuwa wangu.

Ubeti wa kwanza ulipoisha, watu walikuwa wameacha kula miwa. Kiitikio cha pili wanawake wa gulioni walidakia bila kuambiwa: *ndani ya ndoo umeweka nini?* Karibu kila mmoja wao alikuwa na kijana wake bondeni. Niliona kofia ya mgombea inasogea, niliona anavyomeza mate, na moyo wangu ukasuuzika kama sijui nini. Nilidhani nimemmaliza. Nilikuwa mtoto.

Yule bwana alicheka. Alicheka kwa sauti, akapiga makofi, akasimama, akamnong'oneza dereva wake. Dereva akaenda kwenye lori akarudi na redio kaseti kubwa mpya, ya spika mbili, bado iko kwenye nailoni. Vijana wote kumi na saba walikuwa hawajawahi kushika kitu kama kile. Akaja nayo mpaka katikati ya uwanja. Nilinyoosha shingo kukataa. Nilikuwa na neno tayari mdomoni. Akanipita.

"Manju wa kundi hili ni nani?" aliuliza watu, ingawa alijua. "Si huyu kijana wangu?"

Akasimama mbele ya kaka. Kaka alimtazama, akaitazama redio. Kisha akapiga goti, akainyoosha mikono yake, yote miwili, akapokea. Uwanja mzima ulipumua. Wazee wakasema ameimbwa, ametuza, yamekwisha, huyo ndiye mtu mzima. Udiwani alipata. Redio iliuzwa kabla mwezi haujaisha, na mnaweza kukisia ilinunua nini.

Na mimi nilinyamaza. Hilo ndilo lililonikaba miaka yote: sheria yenyewe ilikuwa yetu, si yake, naye aliijua kuliko sisi. Mtu akinitajia bonde lile nilikuwa nabadilisha mazungumzo. Hata nyumbani hatukusema. Siku moja tu nilimuuliza kaka kwa nini alipokea, naye akajibu akitazama chini, "Nilikuwa na kiu, mdogo wangu." Sikuuliza tena.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda chuo cha ualimu Butimba. Huko tulikuwa na somo la vijana na vileo. Mkufunzi alibandika ukutani mabango yaliyotoka ng'ambo, yana vijana wa Kizungu wenye nywele za rangi, mmoja ameshika sindano, mwingine amekumbatia chupa kwenye ngazi za jumba refu. Tulinakili ubaoni sababu za kijana balehe kuingia kwenye ulevi pote duniani: makundi rika, kutaka kujaribu, kuiga filamu, upweke. Niliandika zote kwa mwandiko mzuri. Nilingoja afike kwenye mtu mzima aliyeshika kata. Hakufika. Nikanyoosha mkono, nikauliza huyo yuko namba ngapi. Mkufunzi aliuliza yupi. Nikaketi. Nilipata alama nzuri kwenye somo lile, na daftari nikaliwashia jiko.

Kisha nikapangiwa kufundisha Buhongwa, karibu na nyumbani, na darasa la saba nikakabidhiwa mimi. Nilipoita majina siku ya kwanza, nikakuta jina la ukoo ninalolijua. Kitindamimba wa mwenye majaruba. Miaka kumi na minne, mrefu, mkimya, ana mwandiko wa kupendeza. Niliangalia macho yake. Mtu aliyelala chumba kimoja na kaka yangu hahitaji kunusa.

Ghala la baba yake lilijaa madumu, na madumu hayaulizi nani ni mtoto wa nani. Katikati ya muhula alianguka darasani, nikiwa ninaandika ubaoni. Nilisikia dawati linapinduka, nikageuka, nikamwona chali sakafuni, akicheka, halafu akilia. Wenzake walikimbilia mlangoni. Mimi nilisimama na chaki yangu mkononi, na nitasema nilichohisi, maana nimeahidi kusema kweli. Nilifurahi. Mtoto wa watu amelala kwenye vumbi na mimi nilifurahi.

Mwalimu mkuu aliniachia jambo lile. Mwalimu wa darasa aandike barua kwa kamati ya shule, apendekeze mtoto aondolewe au abaki, na kamati kwa kawaida ilifuata alichoandika. Ilikuwa miezi michache kabla ya mtihani wa mwisho. Akiondolewa, ndiyo basi. Niliandika jioni hiyo, mezani kwa mama, kwa kalamu ya wino. *Ni mlevi, ataharibu wengine.* Maneno yale yale. Niliyaandika polepole, nikayasoma kwa sauti ndogo, nikakunja karatasi nikaiweka kwenye daftari la mahudhurio, nikalala usingizi mzuri.

Jumamosi baba yake alikuja. Ilikuwa siku ya gulio, mchana, na kutoka kwake kuja kwetu hakuna njia isiyopita gulioni. Alikuja kwa miguu, udiwani alishaukosa alipougombea mara ya pili, amevaa koti, na mkononi ana kamba, na kwenye kamba beberu mweupe aliyenona. Watu wote walimwona anapita na mbuzi kuelekea kwa muuza dagaa. Wengine waliacha meza zao wakaja kusimama nje ya ua wetu wa minyaa, wakijifanya wanangoja mtu.

"Shikamoo," nilimwambia. Mimi ni mtu niliyelelewa.

"Marahaba, mwarimu. Hamjambo hapa?"

Mama aliingia ndani. Kaka alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na jiko, akiwachambua dagaa kuondoa mchanga, kazi aliyoweza bado. Alikuwa na miaka ishirini na mitano na meno ya mbele hayapo. Hakuinua kichwa.

Yule bwana alivua kofia. Alisema mtoto ni wa mwisho, mama yake hali wala halali. Alisema mtoto mwenyewe ana akili. Alisema makundi rika, mwarimu, makundi rika yamemharibu. Nilimwacha aseme mpaka maneno yakamwishia.

"Alinywea wapi?" nikamuuliza.

Alitazama mbuzi. "Nyumbani."

"Nani alimchotea?"

"Hakuna aliyemchotea. Alichota mwenyewe."

"Afadhali yeye," nikasema. "Wengine walichotewa."

Nje ya ua minong'ono ikakoma. Yule bwana akashika kamba kwa mikono miwili, akainama, mzee mzima, akaninyooshea. Hapo nikaona alichokuja kutafuta. Alitaka barua, ndiyo. Lakini alijua pia kwamba jambo la mwanawe likifika mbele ya kamati, watu watakumbuka ndoo, na wimbo ule utaamka kaburini, maana tuzo ya zamani haizibi kosa lililorudi. Nikipokea mbuzi, vyote viwili vimezikwa mara moja.

"Sipokei," nikasema.

"Mwarimu, watu wananiona."

"Nawaona nami."

Alisimama na kamba yake hewani. Kisha akafanya kile kile alichofanya uwanjani, kwa ujanja ule ule, kana kwamba mimi ni mlango tu wa kupitia. Akanipita. Akaenda mpaka kwenye kigoda, akainama mbele ya kaka yangu.

"Manju," alimwambia kwa sauti ya upole. "Wewe ndiye mkubwa. Pokea wewe, yaishe."

Niliijua mikono ya kaka. Nilikuwa nimeiosha, nimeilisha, nimeifunga kwa kanga usiku ilipokuwa inakuna ukuta. Niliiona inaacha dagaa, inainuka kutoka kwenye ungo. Wanawake wa nje walikuwa wameshika minyaa. Kaka aliipangusa mikono kwenye suruali, upande mmoja, upande wa pili. Kisha akaiweka chini ya mapaja yake, akaikalia.

Akaimba. Hakuanza na ubeti wa kwanza. Alianza na ule wake, wa pili, wa shati na matapishi na shavu kwenye tope, ambao nilidhani hakuwahi hata kuusikia vizuri. Sauti ilikuwa imebaki kidogo, ya kukwaruza, inakatika kila baada ya maneno matatu. Aliimba kila kitu nilichoandika kumhusu, hakuruka hata neno, akiwa amemtazama yule bwana machoni. Alipofika mwisho akanyamaza, akaninyanyulia kidevu. Nikaitikia. *Mwenye majaruba, ndani ya ndoo umeweka nini?* Na nje ya ua wakaitikia pia, kwanza mmoja, halafu wote.

Mwenye majaruba hakucheka safari hii. Alisimama wima na kamba mkononi, koti limemkaa vibaya mabegani, akangoja wimbo uishe, maana hata yeye alijua aliyeimbwa haruhusiwi kuondoka katikati.

Ulipoisha, kaka alisema maneno mawili tu, na aliyasema kwangu.

"Mtoto asome."

Nilimkasirikia. Nilimkasirikia kaka yangu siku ile kuliko nilivyowahi kumkasirikia akiwa amelewa, kwa sababu barua ilikuwa tayari na ilikuwa nzuri. Niliingia ndani, nikaitoa kwenye daftari, nikaisoma mara ya mwisho. Niliichana mbele ya yule bwana vipande vidogo vidogo, ili aone kuna nini mkononi mwangu na kwamba hajakinunua.

"Jumatatu saa moja mlete shuleni," nikamwambia. "Umlete mwenyewe. Na madumu yatoke nyumbani kwako, nitakuja kuangalia."

"Na mbuzi?" aliuliza. Aliuliza kama mtu anayeomba maji. "Mwarimu, nakusihi. Nitapitaje naye pale?"

"Kama ulivyokuja."

Mtoto alifanya mtihani wake. Kaka hakupona; sitaandika kwamba alipona. Lakini Jumamosi ile nilitoka mpaka barabarani nikasimama, nikatazama mpaka mwisho. Kulikuwa na njia moja tu, ya gulioni. Beberu alirudi kwao kwa miguu yake, akimvuta bwana wake kwa haraka ya kwenda kunywa maji, na nyuma yao watoto walikuwa wameshashika kiitikio.